Ngeli ya Maji

Simu ya kamati ilipolia, mikono ya Mama Félicité ilikuwa imejaa unga, Papa Anatole alikuwa nje akimwonyesha bosi wangu mtaro, na mimi nikaichukua mezani. Hakuna aliyenituma. Nasema hivyo mapema ili msije mkahangaika kutafuta mtu wa kumlaumu.

Ilikuwa Kakuma, Aprili mwaka 2013, saa nne asubuhi, ndani ya banda la mashine ya kusaga ya akina mama, hatua chache kutoka ukingo wa mto Tarach. Kwenye simu nilisikia upepo, nikasikia mbuzi, kisha sauti ya Nawoi, mlinzi wetu wa huko juu ya mto, akinisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, mwalimu. Maji imeshuka."

"Unasemaje?"

"Imeshuka. Imeshuka sana." Laini ikakatika.

Ukutani mbele yangu kulikuwa na ubao niliouandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi kubwa za rangi ya bluu. MAJI YAMEPANDA: HATARI. MAJI YAMESHUKA: SALAMA. Niliusoma, nikatabasamu, nikatoka nje kumpelekea bosi habari njema.

Ngojeni kwanza. Kosa hilo halikuanzia Kakuma. Lilianzia Nyahururu, jikoni kwa mama yangu, aliyefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka thelathini. Kwetu hukuongezewa chai ukisema "chai ingine". Ungekaa na kikombe chako kitupu mpaka useme "chai nyingine", hata kama wageni wapo. Sisi Wakikuyu huchekwa kwa Kiswahili chetu, na mama alikuwa ameapa kwamba watoto wake hawatachekwa. Hatukuchekwa. Tulichukiwa kidogo, lakini hatukuchekwa.

Ugonjwa huo niliupeleka mpaka kazini. Mwanzoni mwa mwaka 2012 nilikuwa afisa wa bima Nairobi, na siku moja, kwenye mkutano uliojaa wageni, meneja wetu Bwana Kiplagat alisimama akasema, "Sisi tunawajali wateja zetu." Nikasema "wateja wetu", si kwa sauti kubwa, lakini ukumbi ulikuwa kimya. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Wiki mbili baadaye nikapata barua ya uhamisho kwenda Lodwar, na ndiyo maana huwaambia watu kwamba nilipelekwa Turkana na ngeli.

Lodwar nilifika na masanduku mawili, nikafungua moja. La pili nililiacha na kufuli lake chini ya kitanda, maana sikukusudia kukaa. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari, na feni yake ilikuwa ikilizungusha joto lile lile kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Nililalamika kwa kila mtu aliyekuwa na masikio. Muuza chai wa pale chini alifika mahali akawa ananiuliza, "Madam, leo ni joto ama ni vumbi?" ili ajue nitaanzia wapi.

Mwaka huo huo kampuni ikaanzisha mpango mpya. Watu wanaoishi mahali pa mafuriko wangeweza kukata bima kwa pamoja, na kama wangepunguza hatari kwa mikono yao wenyewe, malipo yao yangepunguzwa. Kulikuwa na fomu yenye alama. Mitaro iliyozibuliwa, alama. Sakafu zilizoinuliwa, alama. Onyo la mapema, lililoandikwa kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa, alama nyingi kuliko zote. Kikundi kikifikisha alama kinapata punguzo la theluthi nzima. Na afisa atakayefikisha kikundi cha kwanza atachagua mwenyewe kituo chake kinachofuata. Mstari huo wa mwisho niliusoma mara tatu, nikaitisha gari la kwenda Kakuma.

Huko ndiko nilikomkuta Mama Félicité. Alikuwa Mkongo kutoka Uvira, mfupi, mwenye kilemba kisicholegea, na mwenye tabia ya kukusikiliza mpaka mwisho hata ukiwa unasema upuuzi, jambo lililonitia wasiwasi. Alikuwa amekusanya wanawake kumi na wanane, wakimbizi na wenyeji Waturkana, wakanunua mashine ya kusaga. Kabla sijaja, Tarach ulikuwa umeifuata mpaka ndani ukaibeba. Walikuwa wamekusanya tena, wakanunua ya pili, na hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ikiunguruma siku niliyofika.

"Hii ikienda," aliniambia, "sina nguvu ya kuanza ya tatu. Nataka hiyo bima, Madame. Lakini bei yote hatuiwezi. Tuonyeshe kazi, tufanye."

Nikawaonyesha karatasi. Kazi, wao ndio walionionyesha mimi. Mtaro wa soko ulikuwa umefunikwa na vichaka vya mathenge kutoka mwanzo hadi mwisho, na anayeijua miiba ya mathenge anajua kwamba hata viatu havikusaidii. Waliukata kwa mapanga siku kumi na tano. Papa Anatole, mwenyekiti wa kamati, fundi cherehani na mzee wa kanisa, alishona glavu kutoka kwenye maturubai makuukuu, jozi ishirini na tatu, na kila jozi akaiandika jina la mwenyewe. Kwenye ukingo walipanga nyavu za waya, wakazijaza mawe yaliyobebwa kichwani kutoka ng'ambo ya mto.

Kilichonishinda kabisa ni mota. Ile mota ya umeme ndiyo iliyokuwa roho ya mashine, na mafuriko ya kwanza ndiyo yaliyoichukua ile ya awali. Basi walitundika darini mnyororo wa kunyanyulia, ule wa mafundi wa magari, na kwenye nguzo wakafunga spana moja tu kwa kamba, ile inayoingia kwenye boliti nne za mota. Ukiiazima spana ile hata kwa dakika moja, ulikuwa na kesi ya kujibu mbele ya kamati. Wanawake wawili walifanya mazoezi ya kufungua boliti na kuinua mota mpaka wakaweza kuifanya kazi hiyo wakizungumza mambo ya ndoa za watu. Niliwatazama nikasahau kulalamika kuhusu joto. Nilirudi Lodwar siku hiyo nikiwasifu njia nzima, mpaka dereva akaongeza redio.

Likabaki onyo. Huko juu, mwendo wa saa kadhaa kwa miguu, kwenye kona ya mto unakotokea upande wa milima ya Uganda, aliishi Nawoi na mbuzi wake. Alikuwa mwanachama wa mashine. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akiona maji kwanza, na tangu apate simu alikuwa anapanda juu ya mwamba kutafuta mtandao, anapiga. Februari 2013 tulimwita Kakuma kwa mafunzo. Nilisimama mbele na chaki.

"Ukiona maji yanakuja, utasemaje?" nikamuuliza.

"Nitasema maji imeshuka."

Nilihisi mama yangu akisimama nyuma yangu. "Maji *ya*meshuka," nikasema. "Halafu, Nawoi, maji yakishuka ni kwamba yamepungua. Hiyo ni habari nzuri. Ukitaka kusema hatari, sema maji yamepanda."

Nawoi alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea njia, kwa huruma. Akainua mkono wake juu ya kichwa, akauteremsha polepole mpaka kwenye goti. "Maji inatoka mlima. Inakuja huku chini. Sasa hiyo si kushuka?"

"Naelewa. Lakini si Kiswahili."

Papa Anatole, anayeheshimu chochote kilichoandikwa, alikuwa tayari amenakili. Mama Félicité alikuwa akimtazama Nawoi. Nawoi akateremsha macho akasema, "Sawa, mwalimu," na tangu siku hiyo jina langu likawa hilo. Niliandika ubao jioni ile. Niliupenda sana. Niliupiga picha.

Basi rudini nami pale nje, siku ya ukaguzi, jua likiwaka na Bwana Kiplagat amekuja mwenyewe kutoka Nairobi, shati jeupe, fomu mkononi. Hatukuwa tumezungumza ana kwa ana tangu "wateja zetu". Mpaka hapo alikuwa ametoa alama kwa kila kitu. Mtaro, amejaza. Sakafu, amejaza. Nilikuwa naisikia Nairobi puani.

"Mlinzi wetu wa juu amepiga simu sasa hivi," nikamwambia. "Maji yameshuka. Kulingana na ubao, hali ni salama."

Alitazama Tarach. Ulikuwa mchanga mtupu, na juu ya mchanga ule watu walikuwa wakichimba visima vya maji ya kunywa, na wauza makaa walikuwa wamepumzisha magunia yao katikati. "Yameshuka kutoka wapi?" akauliza.

"Juzi kulikuwa na maji kidogo," nikasema. "Ya kifundo cha mguu."

Mama Félicité alikuwa ametoka mlangoni, anapangusa mikono kwenye kitenge. "Madame Wahu. Nawoi amesema namna gani? Neno kwa neno."

"Amesema maji yameshuka."

"Yameshuka, ao imeshuka?"

Nilijua jibu kabla hajamaliza kuuliza. Damu ilinishuka mwilini, na hapo natumia neno hilo kwa maana zote mbili. Kalamu ya Bwana Kiplagat ilikuwa imesimama juu ya kipengele cha onyo. Nikisema "imeshuka", ubao wangu ni takataka, kipengele kinaanguka, na sanduku langu linabaki chini ya kitanda Lodwar. Nikinyamaza, labda anga lile safi ndilo lenye ukweli, labda Nawoi alitumia tu ulimi wake wa kawaida kusema nilivyomfundisha. Labda. Nilivuta pumzi mara moja, nikavuta mara ya pili. Hizo pumzi mbili naziona aibu mpaka leo, na sitazifunika.

"Imeshuka," nikasema. "Amesema imeshuka sana."

Mama Félicité hakunigombeza. Aligeuka tu kuwaelekea wale wanawake waliokuwa kwenye foleni na magunia yao ya mgao, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mayi inakuya." Kisha akachukua chuma akagonga rimu ya lori iliyoning'inia kwenye nguzo.

Nimeona mazoezi ya moto katika majengo ya Nairobi, watu wakishuka ngazi wakicheka na vikombe vya kahawa. Hii haikuwa hivyo. Mashine ilizimwa. Spana ikatoka kwenye kamba. Foleni iligeuka ikawa mstari wa kupitisha magunia, mkono kwa mkono, kutoka mlangoni hadi kwenye jukwaa la juu. Papa Anatole, miaka sitini na kitu, alishuka mtoni mbio na kitambaa chekundu, akipita kisima kimoja baada ya kingine, na watu walipanda ukingo na madumu yao nusu matupu bila kubishana. Muuza makaa mmoja alirudi kuchukua gunia lake. Papa Anatole alimshika kwa ukosi wa shati akampandisha naye, yeye na gunia.

Bwana Kiplagat alikuwa amesimama na fomu yake. Mwanamke mmoja wa Kiturkana, ambaye hakujua wala hakujali kwamba huyo ni meneja, alimwekea gunia la mtama mikononi. Akalipitisha. Akapewa lingine. Baada ya dakika kumi na moja, nilimwona akiangalia saa, mota ilikuwa darini na hapakuwa na mtu hata mmoja kwenye mchanga.

Halafu hakuna kilichotokea. Tulisimama pale juu sote, jua likitupiga, tukitazama mto mkavu. Dakika zikapita. Bwana Kiplagat, shati limejaa vumbi la mtama, alinigeukia polepole. Nilianza kutunga barua ya kujiuzulu. Mama Félicité alikuwa amekaa juu ya gunia, ametulia, mikono mapajani.

Kwanza ikaja harufu, ya udongo uliolowa, mahali ambapo hapakuwa na tone. Kisha mngurumo. Kisha Tarach ukaja, kahawia, mzito, umebeba vichaka vizima vya mathenge na mlango wa boma la mtu, ukapita juu ya visima vyote na mahali pale pale magunia ya makaa yalipokuwa yamekaa. Nyavu za mawe ziliupokea, zikatetemeka, zikashika. Mtaro ulichukua sehemu yake ukaipeleka nyuma ya soko. Maji yaliyobaki yaliingia ndani ya mashine mpaka kiunoni, yakazunguka, yakatafuta kitu cha kuchukua. Mota ilikuwa inaning'inia juu yake, kavu.

Yalipata ubao wangu tu. Kila kitu mle ndani kilikuwa na mtu wake wa kukiokoa, isipokuwa ubao. Niliuona ukitoka mlangoni, herufi za bluu juu, ukaenda na mto.

Bwana Kiplagat naye aliuona. Alifungua fomu, akaitandaza juu ya goti. "Kipengele cha onyo," akasema. "Ubao ulisema salama. Wao wakahama. Sasa niandike nini?"

"Andika kwamba onyo limefanya kazi," nikasema. "Walikuwa na neno lao kabla sijaja. Mimi ndiye niliyelisahihisha. Ubao ulikuwa wangu, kosa ni langu, usiwakate alama."

"Unajua kituo chako kinachofuata kiko kwenye karatasi hii."

"Najua."

Alimwita Mama Félicité akamuuliza alijuaje. Alieleza bila haraka. Siku ile ya Februari, baada ya mafunzo, alimsindikiza Nawoi mpaka barabarani. "Nilimwambia, mbele ya Madame sema *ya*, ni heshima, amefanya kazi kutuandikia. Kwa simu sema vile unasemaka siku zote. Mimi nitasikia." Akanitazama. "Leo simu ulishika wewe. Hilo sikulipanga."

Miezi miwili nilikuwa nimejivuna na ubao ule, na mwanamke huyu alikuwa ameupitisha pembeni kwa adabu hata nisijue nimepitwa. Niliona haya, na nilimpenda kwa jambo hilo, na yote mawili ninayo bado.

Bwana Kiplagat aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza aliitazama safu ya watu kwenye ukingo, wanawake, madumu, muuza makaa na gunia lake, akahesabu kwa macho. "Kwa hiyo wateja zetu wako salama wote?" akauliza.

Aliitamka ile *zetu* kwa utulivu, akanisubiri.

"Wateja zetu wako salama wote, Bwana Kiplagat," nikasema.

Barua ilifika Juni. Kikundi kilipata alama zake zote na punguzo lote, na karatasi ya bima ya mashine hiyo Mama Félicité aliihifadhi ndani ya Biblia yake. Mimi nilipata onyo la maandishi, aya moja. Nilibaki Lodwar miaka mingine minne. Sanduku la pili nililifungua wiki hiyo hiyo, na ndani nikakuta sweta tatu, ambazo muuza chai alizicheka mpaka akakaa chini. Ubao mpya Papa Anatole aliupaka rangi moja kwa moja ukutani, juu kabisa, mahali maji hayafiki: MAJI IMESHUKA, TOKA. Mimi nilimshikia ngazi.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni saa kumi ya siku ile ile. Tulikuwa bado juu ya ukingo, maji bado yako ndani ya mashine, na hakuna aliyejua kama kuna mengine yanayofuata nyuma. Simu ikalia. Mama Félicité aliitazama, kisha akaninyooshea mimi.

"Shika wewe," akasema.

Sikutaka. Nikaishika. Nilisikia tena ule upepo wa juu ya mwamba, na mbuzi.

"Mwalimu," Nawoi akasema, polepole, akilitafuta neno kwa ncha ya ulimi. "Sasa ni ile yako. Maji *ya*meshuka."

"Rudia," nikamwomba.

"Yameshuka, mwalimu. Kwa kweli."

Nililisema kwa sauti ili watu wote walisikie, kama alivyolisema. Mama Félicité aliitikia kwa kichwa mara moja. Wanawake wakapandisha vitenge vyao magotini, wakachukua makoleo, wakateremka kuanza na matope ya mlangoni.